Seli Tano

Kibandikoni imeandikwa volti arobaini na nane.
Nilisoma mara mbili, kwa Mhoja, nyuma ya stesheni ya Tabora,
nimeishika kama mtu anayepima jogoo wa kununua.
"Sikia uzito huo, mama," akasema Mhoja.
"Hii inatoboa hata reli."
Elfu sabini na tano: drili, betri mbili, chaja,
na sanduku la plastiki lenye kishimo cha kila kitu.
Nikataja sitini. Akazipokea haraka mno.
Hapo ndipo ningejua.

Wiki ya kwanza mapenzi yalininyima usingizi.
Chaja niliichomeka karibu na mto,
taa nyekundu, nyekundu, nyekundu, kisha kijani,
mume wangu akauliza kama sasa tumekuwa watatu.
Mkono wangu huu una miaka ishirini na mbili ya bisibisi.
Nilipoona skrubu inazama yenyewe kwenye ubao,
nilicheka peke yangu karakanani, Isevya nzima ikasikia.
Ubao wa paini, lakini.
Mninga nilikuwa sijaipa.

Mninga haubembelezwi.

Oda ikaja: mizinga arobaini,
kikundi cha kina Nyamizi, kule Sikonge,
itundikwe kabla miyombo haijatoa maua.
Tulibeba mbao zimeshakatwa, tukaziunge hukohuko porini.
Mzinga wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nikapiga mluzi.
Kwenye wa sita sauti yake ikabadilika,
ikawa kama ya mtu anayesoma barua ya msiba mbele za watu.
Nikachomeka betri ya pili.
Ya pili ilifanya mizinga miwili na skrubu moja.
Nusu skrubu, tuseme ukweli.
Nyamizi akaitazama ile nusu iliyosimama nje,
akanitazama mimi,
kisha, kwa adabu, akatazama miti.

"Si ulisema haina waya?"
"Haina."
"Na nguvu je?"

Kijijini kuna Kapela mwenye sola,
simu moja mia tano kuchaji.
Betri yangu alipoiona akasema elfu,
maana hii si simu, hii ni ng'ombe, inakunywa.
Saa nne kuishibisha, mizinga mitano kuimaliza.
Iliyobaki tulikaza kwa mkono,
wanawake saba na bisibisi tatu tunapokezana,
na usiku malengelenge yangu yakawa yananihesabia
fedha nilizookoa.

Shija, fundi simu, ndiye aliyeipasua.
Alipitisha wembe kwenye mshono, taratibu,
tukainama wote wawili kama tunachungulia kisima.
Nafasi za seli kumi.
Seli tano.
Na pembeni, limeshikwa kwa gundi nyeusi,
bonge la saruji.

Shija alitukana. Mimi nilishindwa.
Nilikuwa namuwaza mtu fulani, mbali huko, na kijiko chake,
anakoroga, anamimina, anapima bonge kwa bonge
lisizidi wala lisipungue,
makini kuliko ninavyopima mimi milango ya watu.
Angekuwa fundi mzuri, yule.

Sasa ganda la betri ni tupu.
Nyaya mbili zinatoka humo, nyekundu na nyeusi,
mpaka kwenye betri ya pikipiki ya mdogo wangu Nkulila.
Inazunguka polepole, kama mtu aliyeshiba anayefikiri,
lakini mninga inaingia.
Waya una mita mbili.
Nikitaka kufika mbali zaidi, nasukuma pikipiki.
Wateja wakiuliza, nawaambia ni ile ile isiyo na waya,
na Nkulila anadai nimlipie nauli.

Kwa Mhoja sijarudi. Nikipita, yeye ndiye anayeinama
kutafuta kitu chini ya meza.

Lile bonge nimeliweka dirishani,
juu ya karatasi za oda, upepo wa Julai usizichukue.
Kazi hiyo linaiweza.