Mapazia Sitini na Manne

Siku ile waliyotuita ukumbini Mbale
mwenye kipaza sauti alisema tatu kwa kila kumi,
zabuni tatu kwa kila kumi ni za akina mama, vijana
na wenye ulemavu. Sheria, alisema. Si hisani.
Tulipiga makofi mpaka soda zikapata joto.

Mimi Kageha, fundi wa kushona, Majengo,
kibanda cha tatu kutoka kwa muuza mbolea,
nilirudi na neno lile kama mtu aliyebeba yai.
Si hisani.

Nikasajili jina la biashara. Nikalipia cheti,
nikalipia nakala ya cheti,
nikamlipa kijana wa saiba anitengenezee nywila
niliyoisahau kabla sijafika mlangoni.
Na kweli, msinisikie vibaya, zabuni ilikuja:
mapazia ya kituo cha afya, wodi mbili,
sitini na manne, kijani, yenye pete za chuma.

Kitambaa nilikitoa Kisumu kwa pesa za chama.
Usiku nilishona, mchana nilishona,
binti yangu Ayuma akikata, mimi nikipinda,
cherehani ikila umeme wa tokeni
kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.
Tulipeleka kwa mkokoteni, kabla ya tarehe.
Mtu wa stoo akahesabu, akagonga muhuri.
Niliutazama muhuri ule kama picha ya harusi.

Hiyo ilikuwa Machi.

Mwezi wa tano, faili liko kwa mhasibu.
Wa saba, mwaka wa fedha umefungwa, mama,
kana kwamba mwaka ni duka na mwenyewe kaenda matangani.
Wa tisa, mkaguzi yuko semina.
Wa kumi na moja, mtandao umelala.
Njoo Jumatano.
Benchi la pale mlangoni lina umbo langu sasa.

Tulifundishwa ahadi ni deni.
Hakuna aliyetuambia deni litalala kwa nani.
Chama hakina mwaka wa fedha. Kina Bi Khadenje
na daftari lake lenye jalada la plastiki,
na cherehani yangu ya pili, ile nzuri,
sasa inaunguruma sebuleni kwake.
Simlaumu. Naye ana wenziwe wa kuwajibu.

Januari, Ayuma akashikwa na uchungu usiku wa manane.
Tuliingia wodini nimemshika kiuno,
na pande zote, kutoka juu mpaka magotini,
kijani changu.
Nililijua kila moja. Lile la dirishani
nililishona stima ikiwa imepotea, kwa taa ya simu,
mshono ukaenda kombo kama njia ya mlevi.
Mtu wa stoo hakuona. Mimi niliona.
Mjukuu wangu akalia mara ya kwanza
nyuma ya kitambaa ambacho hakijalipiwa.

Kulipokucha muuguzi akalivuta pazia, pete zikacheka.
"Siku hizi angalau mna faragha," akasema.
"Serikali imetukumbuka."

Sikumjibu. Kitanda cha sita, pindo lilikuwa limefumuka,
uzi unaning'inia.
Nikachomoa sindano kwenye kilemba,
nikapiga magoti sakafuni,
nikapita mshono mfupimfupi, wa kubana,
uzi nikaukata kwa meno.

Hiyo sikuiandikia ankara.
Ilikuwa Jumanne.