Isiyolia Si Khakhra

Siku ya kwanza Kanchanben hakuniuliza jina.
Aliniwekea donge dogo, saizi ya gololi,
akanipa kibao na kifimbo, akasema: Sukuma.
Nikasukuma. Akatazama. Bado.
Nikasukuma hadi ufa wa kibao
ukaonekana chini ya unga,
na majani makavu ya uwatu yakalala humo
kama wadudu walionaswa kwenye kioo.
Ndipo akauliza: Waitwa nani?
Syokau.
Haya, Syokau. Hiyo ni chapati tu.

Khakhra huzaliwa mara ya pili, juu ya tawa,
kwa moto mdogo, mdogo kuliko subira yako.
Unashika tambara lililofungwa kama ngumi,
unakandamiza, unazungusha,
kila kipele kinachoinuka unakirudisha chini.
Ni kama kumlaza mtoto asiyetaka kulala,
husema Khatenje, mwenye watoto watano.
Ukiikasirikia, inaungua.
Ukiihurumia, inalainika.

Na kula nako kuna adabu zake,
tulifunzwa sote, wanawake sita wa chumba cha nyuma, Ngara.
Hii ya jira: samli, ipake kwa mgongo wa kijiko,
kisha pilipili ya unga, kidogo, usiizike.
Ile ya uwatu: achari ya embe, pembeni.
Vunja kwa kidole gumba. Sikiliza.
Chai iwe kando. Kando, nimesema! Usichovye.
Isiyolia si khakhra, ni kadibodi.

Jumamosi saa sita tuligawana vipande vilivyovunjika.
Vyangu vilifika Huruma ndani ya mfuko wa unga,
na Muthoka wangu, asiye na mwalimu,
akaviponda parachichi juu, na chumvi, na kitunguu,
akala kitandani, nilikomkataza.
Jirani aligonga ukuta:
Nani huyo anakanyaga majani makavu usiku?

Nilimsimulia Kanchanben habari za parachichi.
Alininunia siku mbili.
Siku ya tatu alikuja nalo kwenye mkoba,
akaingia ofisini, akafunga mlango,
nasi tukazima redio
tusikie.

Mwaka huu meno yamemuaga,
moja moja, kama wageni wa arusi.
Ya kununua yanamuumiza, yanakaa kwenye glasi.
Jumanne asubuhi nilimkuta amenipa mgongo,
khakhra ndani ya kikombe cha chai,
anaisubiri ilegee.
Hakugeuka.
Nikajifanya natafuta chujio,
nikafungua droo ileile mara tatu.

Kisha akasukuma kiti kwa mguu.
Chukua ya jira, ya juu kabisa, ya leo.
Kaa huku. Hapana, huku,
sikio hili ndilo bado linafanya kazi.
Nikakaa. Samli. Mgongo wa kijiko.
Pilipili, kidogo.
Nje lori la gesi lilikuwa likirudi nyuma, likipiga kelele,
akainuka mwenyewe akafunga dirisha,
akarudi, akaniinamia kama mtu wa kuambiwa siri.

Nikavunja.

Akafumba macho.
Tena, akasema,
na usiharakishe, Syokau, hatujachelewa popote.

Nikauma.