Udi kwa Udi

Spika zililetwa Langoni na punda wawili,
jukwaa lilikuwa mbao juu ya kreti za soda,
na mimi, Mbwarali bin Shee, mpiga udi,
nilikaa kwenye kiti cha plastiki
nikipangusa viganja mapajani
kama mtu aliyeiba samli.

Ni vivyo hivyo tangu utotoni.
Chuoni, wino wa alifu ulinitambaa hadi kwenye mkono wa kanzu;
mwalimu akadhani nimelilia somo.
Mwaka jana, ofisi ya vitambulisho,
mashine ya alama za vidole ilinikataa mara tano.
“Kausha,” akasema karani. Nikakausha.
Mashine ikawaka nyekundu:
huyu hana vidole.

Wanaosema mtu ale jasho lake
hawajashika shingo ya udi.
Udi si gita, hauna vyuma vya kukuonyesha pa kutua.
Kidole kikiteleza unene wa unywele
rasti inakuwa kitu kisicho na jina,
na Famau wa fidla anakutazama kwa jicho moja;
lile la pili amelifumba kwa uchungu.

Nimejaribu.
Poda ya mtoto: nyuzi zikaota ukurutu,
shingo nyeusi ikawa kama ya mkanda maandazi.
Ndimu: nilikuwa na mkwaruzo. Sisemi zaidi.
Shabu ya kinyozi ilinikausha robo saa,
kisha jasho likarudi na riba.
Risha nimeikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia,
nikaikwaruza kwa msasa,
nikaitoboa tundu tatu kwa sindano ya moto
ili nyama ya kidole ipate pa kushika.
Tundu hizo tatu
ndizo elimu yangu yote.

Famau alikwisha gonga mguu mara moja
Mwanatumu, shangazi wa bibi harusi, alipopita na chetezo
akifukiza safu ya mbele: ushungi, buibui,
mtoto aliyelala begani.
Akafika kwetu. Sijui aliona nini.
Akakitua chetezo mbele ya goti langu:
“Eta mikono, mwanangu. Si kwa harufu.”

Nikavikunjua viganja juu ya moshi,
vyote viwili, mbele ya watu mia tatu,
vikimeta kama vya mtu aliyetoka kutawadha.
Udi ukaukausha mkono wa udi.
Na bashrafu nikaianza mkavu.
Mkavu!
Kila noti ilikaa mahali pake
kama komeo.

Dakika nne. Sitawadanganya.
Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, maji yakarudi,
yakaanzia kidole cha pete
(daima kidole cha pete, sijui kinaogopa nini,
hata mchumba sina),
nikateleza toka noti hadi noti
kama mtu aliyekanyaga ganda la embe sokoni.
Upande wa wanawake mtu akasema, “Ahaa!”
Nikateleza tena,
safari hii kwa kukusudia kidogo.
Famau akafumbua jicho la pili.

Kaka wa bwana harusi akapanda kunitunza,
akanibandika noti ya mia mbili kifundoni.
Haikuhitaji pini.
Nilipiga wimbo mzima nayo,
imenata pale kama stempu ya barua
ambayo sikujua inakwenda kwa nani.

Saa nane za usiku punda walirudi kuchukua spika.
Mtoto wa Famau akaomba kuishika risha.
“Mbona ina maji?”
“Ndiyo kwanza imetoka kazini.”
Akaipangusa kwenye kanzu yake mpya,
akaipeleka puani,
akanitazama kama niliyemficha jambo:
“Na mbona yanukia harusi?”