Kilele cha Dakika ya Kumi na Moja

Kila Jumatatu Dezső hunitekea
lita tano za maji ya vyoo vya mji mzima,
yamechujwa, yametulizwa, yanang'aa.
Ukiyaona utasema, haya, nipe glasi.
Usinywe.

Mashine haidanganywi na weupe.
Huchora mstari, mstari umelala, umelala,
kisha dakika ya kumi na moja unasimama
kilele chembamba kama sindano:
karbamazepini,
kidonge cha kifafa.

Mama alikimeza miaka thelathini na mmoja,
asubuhi kimoja, usiku kimoja,
juu ya supu ya samaki iliyowiva kwa paprika.
"Ildikó, usimwambie mtu."
Majirani zetu wa Szeged walijua ana kizunguzungu tu.
Mficha maradhi kifo humuumbua,
lakini yeye aliumbuliwa na choo:
alivuta mnyororo, na siri yake ikateremka
bombani, mtaroni, hadi kiwandani kwangu,
ikanikuta nimevaa koti jeupe.

Bakteria wetu ni walafi,
ila hiki hukizunguka
kama mtoto anavyozunguka mboga sahanini.
Hukiacha kipite hadi mto Tisza,
hadi kwenye minofu ya kambare,
hadi kwenye supu.

Ndiyo maana nimeleta almasi.
Usicheke. Si ya kidoleni:
ni utando juu ya bamba la silikoni,
mweusi kama tako la sufuria,
umetiwa boroni ili upitishe umeme.
Mama hakuwahi kuvaa almasi.
Pete yake ilikuwa ya shaba,
ikimwachia kidole rangi ya kijani.

Nawasha.
Usoni mwa almasi maji yenyewe yanapasuka,
yanazaa chembe zenye njaa
zisizoishi hata kufumba na kufumbua,
zinauma chochote kilicho karibu.
Kidonge kina pete tatu za kaboni:
moja inafunguka,
kisha nyingine.
Viputo vinapanda, harufu ya bwawa la kuogelea.
Dezső anapima klorati, anakunja uso:
chumvi nayo imeguswa, imegeuka sumu ya pili.
Tunapunguza umeme. Tunaanza upya.
Bili ya mwezi uliopita mkurugenzi aliipigia
mstari mwekundu, mara mbili.

Dakika ya ishirini. Ya arobaini.
Kilele kinakuwa kilima, kilima kichuguu,
na ubavuni vinachipuka vidogo vidogo,
vipande visivyo na jina,
navyo tunavisubiri viondoke.

Mama tulimzika Februari, ardhi imeganda,
wachimbaji wakiilaani kwa sauti ya chini.
Jumatatu iliyofuata nilitazama dakika ya kumi na moja
nikitarajia, sijui, upungufu.
Upana wa unywele, basi.
Kilele kilikuwa palepale, kimo kilekile.
Kumbe wako wengine.
Ni wangapi mji huu wanaovuta mnyororo kimya?

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa mshahara kuyazoa.

Dakika ya tisini, mstari umelala.
Dezső anapiga makofi, anakwenda kuchemsha kahawa.

Nyuma ya friji, nimeificha chupa moja
ya maji ya Januari, haijaguswa na umeme.
Dezső ameshaiona.
Anaisogeza akitafuta maziwa,
anairudisha mahali pake,
haniulizi.