Huenda

Verlene Stordahl analibandika tena tangazo
kwenye ubao wa ghorofa ya pili, kwa pini zilezile,
katika vitundu vilevile:
nafasi moja, mtafiti aliyekwisha hitimu uzamivu,
mkataba wa mwaka mmoja, huenda ukaongezwa.

Yeye hana uzamivu. Ana funguo.
Miaka thelathini na mmoja ametunza chumba baridi
ambamo matope ya maziwa ya Minesota
yamelazwa ndani ya mabomba, rafu juu ya rafu,
kila ukucha wa tope na miaka yake,
kila miaka na chavua yake: msonobari, mwaloni,
kisha magugu, ghafla, walipofika wenye majembe.

Chuo ni kikubwa. Wanafunzi elfu hamsini,
mahandaki ya kupitia theluji ikifika magotini,
timu ya hoki yenye uwanja wake na kengele.
Lakini meza ile ya dirishani
haijakaa na jina moja
hata hita ikalizoea.

Alikaa Temirlan, akinywea chai kopo la kupimia
mpaka Verlene akamletea kikombe.
Akakaa Oddný, mimba ya miezi minane,
jicho kwenye hadubini likihesabu chavua,
kiganja tumboni kikihesabu mateke.
Akakaa Prabhakaran. Huyo aliomba kazi mara sitini na mbili,
usiku, taa ya meza kaiinamisha
kama asomaye barua ya mwenziwe.
Aliondoka Februari. Viatu vyake vya theluji
vingali nyuma ya mlango;
alikokwenda havina kazi.

Uzamivu, twasema, na neno halikukosea.
Mtu huzama miaka sita, pumzi kaibana,
akaibuka na gao la tope,
akidhani ufuko u karibu.
Ukingoni kasimama mtu mwema na karatasi:
Hongera. Zama tena kidogo.

Profesa Lindquist si mtu mbaya.
Fedha si zake, ni za ruzuku,
na ruzuku si riziki, ingawa zimechangia babu:
hii ina tarehe ya mwisho.
Ndiyo maana tangazo linasema huenda.
Na kweli, huenda.
Kila mwaka, mmoja mmoja, na masanduku yao,
huenda.

Januari amekuja Itziar Goñi,
na koti alilodanganywa dukani kuwa linatosha.
Siku ya tisa wako ziwani, yeye na Verlene,
juu ya barafu nene kama godoro,
kekee inanguruma, maji meusi yanachungulia.
Bomba linashuka. Linashuka bado.
Linapopanda limejaa,
na chini kabisa, mstari wa kijivu
ambao hakuna aliyeuona tangu uliponyesha.

Itziar hasemi kitu. Glavu kaivua,
anaugusa mstari kupitia plastiki.
Verlene anaandika lebo kwa wino usiofutika:
ziwa, kina, tarehe, I. Goñi.

Garini, hita ikikohoa, msichana anauliza,
si kuhusu matope:
“Ninunue kitanda,
au godoro tu?”

Verlene anakwangua barafu kwenye kioo,
anakwangua hata pasipo na barafu.
“Kitanda kipo,” anasema.
“Cha Prabhakaran. Kiko gereji kwangu.”