Meza Isiyojua Kama Lori Limepita

Shekue alikuja karakana na bilauri ya maji,
si ya kunywa.
Akaiweka juu ya benchi langu, akaniambia, ngoja.
Tukangoja, mimi na randa mkononi,
hadi lori la saruji likakata kona ya Barabara ya Kumi na Mbili
na uso wa maji ukaota vipele.
"Umeona? Nataka meza isiyofanya hivi."

Nimetengeneza vitanda vya maharusi, majeneza, mbuzi za nazi,
mimbari moja, kule Duga,
lakini meza isiyojua kama lori limepita
sijawahi kuulizwa bei yake.

Alikuwa fundi wa simu, miaka thelathini na moja,
masikio yamezoea kumtafuta mtu nyuma ya mikwaruzo.
Sasa amestaafu na santuri mia mbili
na sindano moja ambayo, alinieleza, haijui kuchagua:
husoma mfereji wa santuri,
husoma pia kisigino cha mkewe akienda jikoni,
mlango wa jirani, kinu cha kisamvu ng'ambo ya ukuta,
na yote huyafikisha kwa spika kwa uaminifu uleule,
kama mtoto aliyetumwa salamu akaongeza na matusi.

Ya kwanza nilimpa Mhina aichomelee, chuma, miguu minne ya bomba.
Nzuri kwa macho.
Shekue akaigonga kwa ukucha, ikalia ngeee,
ikaendelea kulia wakati sisi tumeshahamia habari za bei ya misumari.
"Debe tupu," akasema.
Sote tunajua debe tupu haliachi kuvuma.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa ni kulijaza.

Mchanga wa Raskazone una chumvi,
chumvi huvuta maji, maji hula chuma.
Nikaenda kwa Mwanakombo anayekaanga karanga,
nikamwomba mchanga wake wa zamani.
"Huo umekula moto mwaka mzima," akasema,
"hauna unyevu wala neno."
Akanipimia kwa kopo la maziwa, na pesa akachukua.
Tukaumimina kwenye bomba kwa faneli ya gazeti,
namimina, anagonga, namimina, anagonga,
mpaka mlio ukawa kama wa kugonga paja.

Juu yake ubao wa mvule, unene wa vidole viwili.
Juu ya ubao tyubu ya baiskeli, upepo nusu
(ukijaza sana ni jiwe, ukipunguza sana inalala).
Juu ya tyubu kipande cha terazo
kutoka kaunta ya duka lililobomolewa,
na pimamaji, na vipande vya kadi ya simu chini ya mguu mmoja,
mpaka kiputo kikakubali kukaa katikati.
Spika tukazipa stuli zao, mbali:
mpiga ngoma halazwi kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Bilauri.
Lori.
Maji hayakujua.

Ndipo akaitoa santuri iliyorekodiwa mjini hapa hapa,
kwenye ukumbi nyuma ya stesheni, yeye akiwa bado hajaoa.
Nikasikia upinde ukikwaruza fidla, mwimbaji akimeza mate,
na chini ya ubeti wa tatu kitu kizito
kikitoka kushoto, kikipita, kikiishia kulia.
Nikaitazama bilauri. Imetulia.
Shekue akairudisha sindano. Kikapita tena.
"Hilo si la leo," akasema, akicheka mpaka akakohoa.
"Hilo lori ni la mwaka sitini na sita."

Amplifaya ilishapata moto, mchanga nao ukapata,
chumba kikaanza kunuka karanga.
Namdai elfu arobaini mpaka sasa.
Mkewe, Mwantumu, akapita nyuma yetu kwenda jikoni,
akakanyaga, akasimama, akaiangalia sindano.
Akakanyaga tena, kwa kisigino, kwa nguvu.
Miaka yote hiyo alikuwa akinyata nyumbani kwake.
Akaenda, akarudi, akaenda,
hana alichokifuata jikoni.