Kasma ya Tisa

Fomu ina kurasa kumi na nne na maswali yasiyo na aibu.
Jina: Merrin Tilyard.
Masomo: uzamivu, mwaka wa tatu, sanaa za sauti, Hobart.
Mada: maghala ya tufaha ya bonde la Huon,
yale yaliyofungwa, na jinsi yanavyolia usiku
mbao zikinywea kwa baridi.

Manufaa yanayopimika?
Nimekaa na swali hili tangu chai ilipokuwa moto.
Nipime nini? Mlio una kilo ngapi?
Bibi yangu Hesper alipanga tufaha kwenye ghala namba mbili
miaka ishirini na sita, kwa malipo ya kreti.
Kreti ikijaa, mstari wa chaki ukutani.
Ijumaa, bahasha.
Hakuna aliyemtaka athibitishe kwanza
kwamba tufaha litaibadilisha jamii.

Kasma ya tisa: ujira wa mwombaji.
Mwaka jana niliandika sifuri.
Niliichora vizuri, duara kamili,
kama mdomo uliofunguliwa ukanyimwa kijiko.
Niliona ndiyo adabu.
Maikrofoni nikaiombea, petroli nikaiombea,
hata betri zilipata fungu lao.
Barua ikaja: ushindani ulikuwa mkali,
tunakutakia kila la heri.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wao waliupungia.

Basi Jumatatu nasahihisha insha za mwaka wa kwanza.
Kila insha inalipiwa dakika ishirini;
insha zenyewe hazina habari.
Jumatano nakaa juu ya kibao darasani kwa Osric
wanafunzi wakinichora mabega, hita ikinichoma goti moja.
Ndiyo kazi yangu pekee
ambayo kutofanya lolote kuna bei.
Jumamosi nabeba viti vya matamasha ya watu.
Utafiti unapata makombo ya Alhamisi,
akili ikiwa imelowa kama soksi.

Agosti, theluji mlimani, wakaniita:
kamati ya ruzuku inataka mwanafunzi mmoja,
saa tatu, na zinalipwa.
Dokta Stokell, msimamizi wangu, akasema nenda,
utajifunza wanavyosoma.
Nikaenda.
Zilikuwa hela nzuri kuliko zote nilizowahi kupata
kwa jina la sanaa:
hela za kuwanyima wengine.

Maombi thelathini na moja, fedha za wanne.
Sandwichi za mayai katikati ya meza.
Mimi nilianza na kasma ya tisa.
Sifuri.
Sifuri.
Mfinyanzi wa Burnie, mwenye tanuri la kuazima, sifuri.
Mtengeneza vikaragosi: sifuri, nitajitolea.
Nikahisi nasoma mwandiko wangu
kwa mikono ya watu thelathini.

Mmoja tu, Lanh Truong, msusi wa kamba za meli kuukuu,
aliweka elfu sita,
kisha akaomba radhi kwenye tanbihi.

Mwenyekiti akavua miwani. Huyu ghali.
Nikasema, si ghali. Huyu amejihesabu.
Hita ikagonga ukutani mara mbili.
Mtu akachukua sandwichi.
Mwishowe Lanh alipewa nusu,
na ile nusu nyingine sijui nani aliila.
Kura yangu ilikuwa moja. Nimeirudia kichwani
mara nyingi kuliko ilivyostahili,
kila mara nikiongea vizuri zaidi.

Leo fomu ni yangu tena.
Malipo ya yale masaa matatu hayajaingia;
wanasema wiki sita.
Nimetoa daftari, nikahesabu usiku wa maghalani,
safari, kusikiliza, kufuta, kusikiliza tena:
masaa mia nne na kumi.
Nimeyachora vistari vitanovitano,
kama chaki ya Hesper,
nikazidisha kwa bei ya kukaa kwenye kibao cha Osric
maana hiyo angalau najua ipo.

Jumla imenitisha.
Nimeinuka, nikaosha kikombe kisafi,
nikarudi, nikaiandika kwenye kasma ya tisa.

Tanbihi sikuweka.